Kizibao cha kuwindia bata mzinga: Unachaguaje chepesi kisichokuumiza?

Saa kumi na moja alfajiri, porini Missouri. Giza bado, baridi inauma, na bata mzinga dume anaanza kulia juu ya mti alikolala. Mwindaji amekaa chini, mgongo kwenye shina la mwaloni, bunduki iko juu ya goti. Kuanzia hapo kazi yake ni moja tu: asitikisike.

Dakika kumi zinapita. Thelathini. Saa nzima. Kama mkanda wa kizibao unamkata bega, au mto aliokalia umebonyea na kuwa kama chapati, atajisogeza. Kidogo tu, kuhamisha uzito upande wa pili. Ndege ameshaona. Kwaheri.

Ndiyo maana wawindaji wa Marekani wanatumia muda mwingi kubishana kuhusu nguo ambayo kwa mtu wa nje inaonekana kama reflekta ya bodaboda iliyojaa mifuko. Kizibao hiki ni begi, ni kiti na ni ghala la vifaa, vyote vimevaliwa mwilini. Kikiwa kibaya, siku nzima inaharibika.

Ndege mwenyewe ni nani?

Bata mzinga wa porini si yule mweupe mzito wa kufugwa anayepikwa siku ya Shukrani. Huyu anakimbia, anaruka, na usiku analala juu ya miti. Dume aliyekomaa huwa na uzito wa kilo 7 hadi 11 hivi. Pua yake haimsaidii sana, lakini macho ni balaa: anaona rangi, na kwa kuwa macho yamekaa pembeni mwa kichwa, akigeuza shingo kidogo anaona pande zote.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alikaribia kutoweka kwa sababu ya kuwindwa hovyo na kukatwa kwa misitu. Sheria ya Pittman-Robertson ya mwaka 1937 iliweka kodi kwenye bunduki na risasi, fedha zikaenda kwenye uhifadhi. Baadaye wataalamu wakawa wanawanasa ndege kwa nyavu zinazorushwa kwa baruti na kuwahamishia sehemu ambako walikuwa wameisha. Leo wapo katika majimbo 49 kati ya 50. Alaska tu ndiyo haina.

Msimu mkubwa ni majira ya machipuko. Florida huanza mapema Machi, na baadhi ya majimbo ya kaskazini huenda hadi mwanzoni mwa Juni. Wakati huo madume wanatafuta majike, kwa hiyo mwindaji anakaa mahali na kuiga sauti ya jike ili dume aje mwenyewe. Haumfuati ndege, unamwita. Hapo ndipo ishu ya kizibao inapoanzia, kwa sababu uwindaji huu ni wa kutembea sana halafu kukaa sana.

Piga hesabu ya kilo kwanza

Vizibao vyepesi kabisa, vile vya mikanda na mifuko michache, huwa na kilo moja hivi au moja na nusu. Vile vikubwa vyenye fremu ya chuma na kiti cha kujisimamia vinaweza kufika kilo 3. Mtu akiwa dukani tofauti hiyo haimshtui. Kilo mbili ni nini?

Sasa tuongeze mzigo. Maji lita moja, kilo moja. Risasi tano, kiboksi cha mbao cha kuigizia sauti, kibao cha kukwaruza na vijiti vyake, tochi, kisu, chakula kidogo, koti la mvua, na ndege bandia wa sponji wa kukunja. Hapo unaongeza kama kilo 3. Bunduki yenyewe, shotgani ya kawaida, ni kilo 3 na kitu. Halafu ukifanikiwa, unabeba ndege wa kilo 9 mgongoni.

Kwa kizibao cha kilo moja na nusu, jumla inafika karibu kilo 17. Hiyo ni ndoo ya maji ya lita 20 iliyopungua kidogo, unapanda nayo mlima, umeamka saa tisa usiku. Ukichukua kile cha kilo 3 unakaribia ndoo kamili. Ndiyo, kilo mbili zinahesabika.

Wakati mwingine uzito unaoandikwa kwenye tangazo ni wa kizibao bila mto wa kukalia. Mnunuzi asome vizuri, au akipime mwenyewe kwenye mzani kikifika.

Hata hivyo, uzito mdogo peke yake haumsaidii mtu kama mzigo wote unaning'inia mabegani. Kizibao cha kilo mbili chenye mkanda mzuri wa kiunoni kinaweza kuchosha kidogo kuliko cha kilo moja kisicho nao, kwa sababu nyonga zinabeba sehemu ya mzigo. Wapagazi wa Kilimanjaro wanalijua hili bila kusoma tangazo lolote. Mtu anayewinda kwenye vilima vya Kentucky au milima ya Colorado asinunue kizibao kisicho na mkanda wa kiuno. Anayetoka kwenye gari na kutembea mita mia mbili tambarare anaweza kuishi bila huo.

Mto ndio kila kitu

Wanaoanza huhesabu mifuko. Wazoefu huangalia mto.

Vizibao vingi vya bata mzinga vina mto ulioshonwa au kufungwa nyuma, unaoshushwa mtu anapotaka kukaa. Unene wa sentimita tano au zaidi unafaa, lakini unene hauelezi yote. Sponji laini sana linamfurahisha mnunuzi kwa dakika mbili dukani, halafu likikaliwa nusu saa linashuka hadi anahisi mzizi wa mti chini yake. Sponji gumu kidogo, lile lisilonyonya maji, halisifiwi sana dukani ila linadumu. Na kutonyonya maji si jambo dogo: alfajiri ya Aprili ardhi imelowa umande, na suruali ikishalowa baridi hainyamazi.

Jaribio ni rahisi. Weka mto sakafuni, kaa, egemea ukuta, piga magoti juu kama mwindaji, na usitikisike kwa dakika 20 ukiangalia simu. Miguu ikianza kufa ganzi, rudisha.

Halafu kuna swali la mto unapotembea. Ukiwa haukunjiki na kushikwa vizuri, unapiga nyuma ya mapaja kila hatua, pa, pa, pa, kilomita tatu nzima. Wengi wameacha kizibao kwa sababu hiyo tu. Siku hizi matoleo mengi yanatumia sumaku au vifungo vya kubana kuushikilia juu. Sumaku ni nzuri ila ziwe na nguvu. Zile dhaifu zinaachia mtu akiruka gogo.

Wapo wanaopenda mto uondoke kabisa. Hawa huvaa mikanda myepesi yenye mifuko miwili mitatu, na kubeba kigoda kifupi cha kukunja mkononi. Ni uamuzi wa busara kwa mwenye mgongo unaouma, maana kigoda kinamwinua kutoka ardhini. Ubaya ni kwamba mkono mmoja umeshikwa, na ndege akilia ghafla karibu hakuna muda wa kufungua kigoda. Mto ulioshonwa unashuka kwa sekunde moja.

Vile vya fremu vina faida yake pia: mtu anaweza kuegemea hata pasipo na mti, kwenye ukingo wa shamba. Ila ndivyo vile vya kilo 3. Kwa kijana mwenye nguvu anayewinda tambarare za Kansas ambako miti ni michache, sawa. Kwa mtu wa milimani, hapana.

Mifuko ichache, iwe kimya

Kizibao chenye mifuko 20 kinaonekana ni thamani ya pesa. Porini kinakuwa tatizo, kwa sababu kila mfuko utajazwa kitu, na kila kitu kitatafutwa gizani.

Kinachohitajika ni sehemu maalumu kwa vifaa vya sauti. Kiboksi cha mbao kinalia kikisuguliwa, hata kwa bahati mbaya, kwa hiyo kinahitaji mfuko mrefu unaokibana ili kisije kikalia chenyewe mtu anapotembea. Kibao cha kukwaruza, kiwe cha jiwe au cha kioo, kinahitaji mfuko bapa wenye kitambaa laini ndani, na kisilowe. Vile vya kuweka mdomoni ni vidogo kama gamba la korosho, vinapotea haraka. Mfuko mdogo wa kifuani unatosha.

Kelele ndiyo adui mwingine. Velkro ikifunguliwa kwenye ukimya wa alfajiri inasikika mbali. Zipu za chuma nazo zinagongana. Sumaku na vifungo vya plastiki laini ni bora, na zipu ikiwepo iwe na kamba ya kuvutia badala ya kijipande cha chuma. Kitambaa nacho kijaribiwe: kisugue karibu na sikio. Kikitoa sauti ya mfuko wa plastiki, kiache dukani.

Mfuko mkubwa wa nyuma, wa kuwekea ndege, usisahauliwe. Uwe na kina cha kutosha dume zima lizame ndani, na kitambaa chake kiwe kinaoshika. Damu na manyoya havisubiri.

Bega la bunduki

Hili halizungumzwi sana madukani, na linakosesha watu ndege.

Bunduki inapoinuliwa, kitako chake kinakaa begani. Kama mkanda wa kizibao hapo ni mnene, umejaa sponji, kitako kinasukumwa mbele. Ghafla bunduki inakuwa ndefu kuliko mwindaji alivyozoea, na shavu halikai mahali pake. Kwa mwanamke mwenye mabega membamba au kijana wa miaka 12, tofauti hiyo inatosha kufanya risasi ipite juu. Kibaya zaidi, vifungo na kingo za mifuko ya kifuani zinaweza kunasa kitako kikiwa njiani.

Kwa hiyo kizibao kijaribiwe kikiwa kimevaliwa juu ya koti, kimejazwa vitu, na mtu ameketi. Bunduki ikiwa haipo, fimbo ya ufagio inatosha. Inua mara kumi. Ikinasa hata mara moja, mikanda irekebishwe au kizibao kibadilishwe. Watumiaji wa mkono wa kushoto wafanye jaribio lao, maana mifuko mingi imepangwa kwa ajili ya watu wa kulia.

Na saizi isichaguliwe kwa mazoea ya fulana. Machipuko ya kule asubuhi yanataka nguo tatu, mchana moja. Mikanda ya pembeni ya kuvuta na kulegeza ndiyo inayookoa.

Joto, na kupe

Majimbo ya kusini kama Florida, Georgia na Alabama joto linapanda haraka. Kizibao chenye mgongo wa wavu kinapitisha hewa, na kwa sehemu hizo ndicho cha kununua hata kama kinararuka haraka kwenye miiba. Kaskazini, kitambaa kizito kidogo kinakinga upepo.

Kupe ni jambo zito zaidi. Mtu anayekaa chini msituni saa tatu anawakaribisha. Kuna wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, na kuna aina iitwayo Lone Star, jike lake lina doa moja jeupe mgongoni, ambaye kung'atwa naye kunaweza kumwachia mtu mzio wa nyama ya ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Yaani unaenda kuwinda, unarudi huwezi tena kula nyama choma. Kwa bahati, nyama ya ndege haimo kwenye mzio huo.

Mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, inashauri nguo zipuliziwe permethrin ya asilimia 0.5. Dawa hiyo si ngeni Afrika Mashariki: ndiyo iliyomo kwenye vyandarua vya Olyset vilivyotengenezwa Arusha. Inapuliziwa kwenye nguo, si kwenye ngozi, na kizibao kianikwe kikauke kabisa kabla ya kuvaliwa. Mwenye paka nyumbani awe mwangalifu, kwani ikiwa bado mbichi ni sumu kwao.

Rangi inayoweza kuua

Hapa hakuna utani. Kichwa cha bata mzinga dume kina nyekundu, nyeupe na bluu. Mwindaji mwenzako aliye upande wa pili wa kichaka anatafuta rangi hizo hizo. Wewe umejificha, umevaa madoadoa ya majani, na unatoa sauti ya ndege. Kila kitu kinasema kuna bata mzinga hapo. Watu wamepigwa risasi kwa namna hiyo.

Kwa hiyo kizibao kikaguliwe ndani na nje. Bitana nyekundu, nembo nyeupe kubwa, kamba ya bluu, vyote hapana. Hata leso nyeupe na karatasi za chakula zikae ndani ya mfuko. Soksi pia, maana mtu akikaa suruali inapanda.

Kizibao kizuri kina kipande cha rangi ya chungwa kali kinachokunjuliwa wakati wa kutembea na kufichwa wakati wa kukaa. Kisipokuwepo, kitambaa cha chungwa cha dola chache kinunuliwe. Ndege akishapatikana, afunikwe nacho mgongoni. Kichwa chekundu kinachoning'inia nje ya mfuko wakati unatembea kwenye nyasi ndefu ni kumwalika mtu akulenge.

Kuna mengine ambayo kizibao hakiwezi kuyafanya: kuegemea mti mpana kuliko mabega, kutofuata sauti ya ndege kichakani, na ukimwona mwindaji mwingine usimpungie mkono, piga kelele za kibinadamu.

Bei

Vya chini huanzia chini ya dola 60, vya kati ni kati ya dola 100 na 150, na vya majina makubwa vinapita dola 250. Cha kati kinatosha watu wengi. Kinachopandisha bei juu ya hapo mara nyingi ni kitambaa chepesi zaidi na leseni ya mchoro wa madoadoa, si faraja ya makalio. Msimu ukiisha mwezi Juni, maduka hupunguza bei ili kuondoa mzigo, na anayejua hilo hununua wakati huo akisubiri mwaka unaofuata.

Kwa Waswahili walioko kule

Louisville na Bowling Green huko Kentucky kuna familia nyingi zinazoongea Kiswahili, hasa kutoka Congo. Mfanyakazi mwenzao akiwaalika kuwinda, kizibao ndicho swali dogo. Kubwa ni karatasi.

Sheria ya shirikisho kwa kawaida inamzuia mtu mwenye viza ya muda, kama ya mwanafunzi au mtalii, kushika bunduki au risasi. Kuazimwa ya rafiki nako kumo. Kuna msamaha kwa mwenye leseni halali ya uwindaji. Wenye kadi ya kijani na wakimbizi waliopokewa rasmi hawamo kwenye zuio hilo, ingawa jimbo linaweza kuwa na masharti yake. Kosa hapa linaweza kumpeleka mtu jela na kumrudisha kwao, kwa hiyo aonane na mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kugusa chochote. Hata anayekwenda kuita ndege tu bila bunduki aulize kwanza kama jimbo linamtaka awe na leseni. Majimbo mengi pia yanadai cheti cha mafunzo ya uwindaji.

Na la mwisho, kwa wanaotuma mizigo nyumbani. Vizibao hivi vingi vina madoadoa, na kwa jicho la askari wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala madoadoa ni madoadoa, iwe ni majani ya mwaloni au kombati. Sheria za nchi hizo zinakataza raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi, na mwaka 2023 JWTZ ilitoa siku saba kwa raia waliokuwa nayo kuyasalimisha. Kizibao cha mjomba wa Kentucky kibaki Kentucky. Anayetaka kukileta kwa ajili ya kuvulia samaki au kupigia picha mbugani anunue cha kijani kitupu au kahawia. Baadhi ya watengenezaji wanavyo, na ukikaa kivulini bila kutikisika, bata mzinga naye hakioni.